Herlings kaenda Honda, Gajser kaenda Yamaha, mimi naangalia waliobaki

Msimu wa dunia wa motokrosi wa 2026 unaanza Machi kule Argentina, na kama ulikuwa unafuatilia MXGP, lile daraja kubwa la pikipiki za 450, alafu ukapotea miezi mitano hivi, ukirudi utadhani umekosea nyumba. Jeffrey Herlings yupo juu ya Honda. Tim Gajser yupo juu ya Yamaha. Yani ni sawa na uamke asubuhi ukute mtu aliyecheza Simba tangu yupo kidato cha pili kasimama Jangwani anapigwa picha na skafu ya njano na kijani, tena anacheka.

Herlings aliingia KTM mwaka 2010 akiwa na miaka 15, dogo wa Kiholanzi mwenye hasira na mchanga, akachukua nayo mataji matano ya dunia, MX2, daraja dogo la pikipiki za 250, mwaka 2012, 2013 na 2016, alafu daraja kubwa 2018 na 2021. Gajser wa Slovenia alikuwa Honda tangu 2014 na mataji yake yote matano kayapata juu ya mashine nyekundu, MX2 mwaka 2015, MXGP 2016, 2019, 2020 na 2022. Kwa hiyo mataji kumi ya dunia yamehama karakana ndani ya dirisha moja la usajili. Ongeza Tom Vialle, Mfaransa aliyechukua MX2 mwaka 2020 na 2022 akaenda Marekani, akachukua kule taji la supakrosi, motokrosi ya ndani ya viwanja vya michezo, daraja la 250 upande wa mashariki mara mbili mfululizo, 2024 na 2025, sahivi karudi Ulaya na yeye kawekwa Honda pembeni ya Herlings.

Kwenye kila kijiwe mjadala ni huo huo, nani kafanya usajili mkali, na wengi wameshampa Honda ubingwa kabla geti la kuanzia mbio halijaanguka hata mara moja. Mimi sikubaliani. Nadhani kuhama kuna ada yake, na hiyo ada inakatwa mwanzoni mwa msimu, na kwa hesabu ya pointi ya sasa ukikatwa mwanzoni kurudisha ni shughuli. Ndo maana macho yangu yapo kwa wawili ambao hawakwenda popote, Romain Febvre bingwa mtetezi wa Kawasaki na yule dogo wa Ubelgiji, Lucas Coenen wa KTM.

Ngoja nieleze kwanza hiyo ada ni nini maana nikisema hivi watu wananijibu pikipiki si pikipiki tu, zote ni 450, zote zina magurudumu mawili. Rafiki yangu anaendesha boda hapa Arusha, ana Boxer ya 150, siku moja yake ilikuwa gereji akaazima ya mwenzake, Boxer hiyo hiyo, mwaka ule ule, hata rangi moja. Alirudi jioni analalamika mkono. Klachi inashika juu sana, anasema, breki ya mguu iko chini, kiti kimelainika upande mmoja, siku nzima nilikuwa kama nimepanda punda wa mtu. Na huyo ni mtu wa kwenda Sakina na kurudi kwa mwendo wa 40. Sasa mchukue mtu anayeruka mita ishirini na kitu hewani, anatua kwenye mashimo ambayo mzunguko uliopita hayakuwepo, mara mbili kwa siku, dakika 30 na mizunguko miwili ya ziada kila mbio, alafu muulize kama pikipiki ni pikipiki tu.

KTM fremu yake ni ya chuma. Honda, Yamaha na Kawasaki ni alumini. Ukiziangalia kwa macho hiyo tofauti unaweza usiione, ila dereva anaisikia kwenye viganja na kwenye magoti, chuma kinalegea kidogo kwenye mashimo na kinarudi polepole, alumini inakaza na inakujibu hapo hapo. Shokapu za KTM ni za WP, ndugu wa tumbo moja. Honda wanatumia Showa, Yamaha wanatumia KYB. Yamaha wana na vituko vyao vya ziada, injini ya YZ450F imegeuzwa, hewa inaingia kwa mbele na ekzosi inatokea nyuma ya silinda, ndo walivyo tangu toleo la 2010, na walioizoea wanaipenda ila anayefika mgeni lazima ajifunze upya mahali pa kukaa kwenye kona.

Ukiliangalia hivo utaona hawa wawili hawajahama safari moja. Gajser katoka alumini kaenda alumini. Herlings katoka chuma, alikokaa tangu hajaota ndevu, kaenda alumini, akiwa na miaka 31. Kwangu hiyo ni safari ndefu zaidi ingawa kwenye karatasi zote zinaitwa uhamisho. Na kama unataka mfano wa mtu aliyefanya safari kama hiyo ya Herlings juzi juzi tu, mwangalie Jorge Prado.

Prado, Mhispania, alichukua MX2 2018 na 2019 akiwa KTM, alafu MXGP 2023 na 2024 akiwa GasGas. Watu walisema alihama chapa na bado akashinda. Hakuhama. GasGas ni KTM iliyopakwa rangi nyekundu, fremu ile ile, shokapu zile zile, mzee mmoja anamiliki. Kuhama kwenyewe kulikuwa 2025 alipoenda Marekani kupanda Kawasaki, chuma kwenda alumini, na juu yake supakrosi ambayo ni mchezo mwingine kabisa. Aliumia bega mapema, akarudi, na hakupatana na ile mashine hata siku moja, bingwa wa dunia mara nne akawa anapambana na watu ambao Ulaya wangemwona mgongo tu. 2026 karudi KTM, bado yupo huko huko Marekani. Hilo ndo jibu lake kuhusu kama pikipiki ni pikipiki tu.

Na sio Prado peke yake. Jeremy Seewer, Mswisi, alikuwa wa pili duniani 2019, 2020 na 2022, vyote juu ya Yamaha. Alihamia Kawasaki 2024, akapotea. Akahamia Ducati 2025 wakati hiyo chapa inaanza msimu wake wa kwanza mzima MXGP, akatolewa jasho tena. Mtu yule yule, mapafu yale yale, sidhani alisahau kuendesha kati ya Desemba na Machi.

Sasa najua mtu mzima aliyefuatilia mchezo huu zamani ananisubiri hapo na jina moja, Stefan Everts. Na ana haki. Everts ana mataji kumi na kayachukua kwa chapa nne za Kijapani, Suzuki 1991, Kawasaki 1995, Honda 1996 na 1997, alafu Yamaha kuanzia 2001 mpaka 2006. Alihamia Honda akashinda mwaka wa kwanza. Alihamia Yamaha akashinda mwaka wa kwanza, tena alikuwa na miaka 28 na ametoka kwenye miaka ya kuumia umia. Antonio Cairoli naye, 2010 kaacha Yamaha kaenda KTM na kale ka-350 ambako watu walikacheka, akabeba ubingwa papo hapo, na hakuuachia mpaka 2015. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikasema haiwezekani.

Ninachosema ni kwamba ile ilikuwa dunia nyingine ya pointi na dunia nyingine ya ushindani, na hao wawili walikuwa na kitu ambacho Herlings hajawahi kuwa nacho, walikuwa wanajua kushinda ubingwa bila kushinda mbio. Everts alikuwa anakubali nafasi ya tatu kama mhasibu anayesaini stakabadhi. Herlings hakubali nafasi ya pili hata mazoezini. Mwaka 2018 alishinda raundi 17 kati ya 20, na mojawapo ya zile tatu zilizobaki hakuwepo kabisa, alikuwa kavunjika mfupa wa bega, yani huo ndo msimu mtamu kuliko wote niliowahi kuuona wa mtu mmoja kwenye mchezo wowote ule. Ila angalia iliyofuata. Januari 2019 kavunja mguu mazoezini. 2020 kaanguka Faenza akiwa anaongoza msimamo, shingo. 2022 hakukimbia mbio hata moja, kisigino. Mwisho wa 2024 kano za goti, 2025 kaanza msimu akiwa kitandani, alafu nusu ya pili karudi na kuanza kushinda tena kama vile hakuna kilichotokea. Mtu huyu 2023 alivunja rekodi ya Everts ya ushindi 101, rekodi ambayo tulidhani mwenyewe atazikwa nayo. Ana kipaji kuliko wote waliopo, nasema bila kusita. Ila ubingwa wa MXGP anapewa mwenye pointi nyingi mwezi Septemba, na pointi hazijui kipaji.

Twende kwenye pointi zenyewe sasa maana hapa ndo watu wengi wanaruka.

Jumapili kuna mbio mbili, mshindi anapata 25, wa pili 22, wa tatu 20, wa nne 18, wa tano 16, inashuka hivo mpaka wa ishirini anayepata 1. Zamani ilikuwa inaishia hapo, mbio ya Jumamosi ilikuwa ya kupanga nafasi za kwenye geti tu, mabingwa walikuwa wanaiendesha kama wanaenda sokoni. Kuanzia 2023 Jumamosi nayo ina pointi, 10 kwa mshindi, 9 kwa wa pili, mpaka 1 kwa wa kumi. Watu waliipuuza. Ila piga hesabu ya 2025 iliyokuwa na raundi 20, Jumapili zote jumla ni pointi 1000, Jumamosi zote jumla ni 200, yani moja ya sita ya msimu mzima inagawiwa siku ambayo wengi wetu hata bando hatuwashi.

Chukua madereva wawili, wiki mbili. Wa kwanza ndo mkali, wiki ya kwanza anafagia kila kitu, 10 na 25 na 25, anapata 60, kila mtu anaandika jina lake. Wiki ya pili Jumamosi anaanguka, sifuri, Jumapili anashinda mbio ya kwanza, ya pili mnyororo unakatika au anamgonga mtu kona ya kwanza, sifuri, anaondoka na 25. Jumla 85. Wa pili hajashinda chochote, Jumamosi wa tatu anapata 8, Jumapili wa tatu mara mbili anapata 40, jumla 48, wiki ya pili tena vile vile 48. Ana 96. Pointi 11 mbele na hakuna aliyempigia hata makofi.

Huyo wa pili ndo Febvre wa 2025. Sio kwamba hakushinda, alishinda sana, ila siku ambayo hakuwa na mwendo alikuwa wa pili au wa tatu, hakuwa wa kumi na saba. Lucas Coenen ndo alikuwa wa kwanza kwenye mfano wangu, dogo alikuwa na miaka 18, msimu wake wa kwanza kwenye 450, kuna wikiendi alikuwa anaendesha kama wenzake wamefunga breki, na bado mwisho wa yote kule Darwin, Australia, alikuwa wa pili kwenye msimamo. Gajser ndo aliyekuwa anaongoza mwanzoni, mpaka Uswisi raundi ya sita akaanguka bega likaondoka nalo, na msimu ukaondoka na bega.

Na Febvre mwenyewe hakuzaliwa anajua haya, alifundishwa kwa fimbo. Mwaka 2021 Mantova Italia, yeye na Herlings wanaingia mbio ya mwisho kabisa ya msimu wakiwa na pointi sawa, sawa kabisa, mwaka mzima umefutwa zimebaki dakika 30 na mizunguko miwili. Herlings akashinda, Febvre akawa wa tatu, ubingwa ukaenda kwa tofauti ya pointi 5. Mwezi huo huo Febvre akaenda kukimbia supakrosi ya Paris akavunjika mguu, kipande kikubwa cha 2022 kikaenda. Mtu wa kawaida angefungua duka la spea. Yeye alichukua ubingwa 2015 na Yamaha, akachukua tena 2025 na Kawasaki, miaka kumi katikati, na kwa wanaosema kuhama ni rahisi waangalie na hiyo, alihamia Kawasaki 2020 na taji likaja msimu wa sita.

Kitu kimoja ambacho runinga haioneshi vizuri ni geti lenyewe, na ndo sehemu ninayodhani waliohama watalia. Miaka kadhaa nyuma nilivuka Namanga na jamaa zangu kwenda Nairobi kuangalia motokrosi pale Jamhuri Park, tukajipenyeza mpaka karibu na mstari wa kuanzia, mbio za watoto, pikipiki za 65. Kabla ya kuanza baba mmoja alikuwa anaukandamiza usukani wa pikipiki ya mwanae kwa uzito wake wote kwenda chini mpaka shokapu ya mbele ikazama, akaikamata na kidude kama kitufe pembeni, pikipiki ikabaki imeinama pua kama ng'ombe anayekunywa maji. Nikauliza, nikaambiwa ni ili isinyanyuke gurudumu la mbele wakati wa kutoka, ukifika kona ya kwanza ukibana breki kidude kinajifungua chenyewe. Mtoto hakugeuka hata kidogo. Alikuwa anaangalia kipini kinacholishikilia geti, midomo inatetemeka, sio kwa baridi.

Kwenye MXGP ni hivo hivo ila geti lina nafasi 40 na chini kumewekwa wavu wa chuma. Unanyanyuliwa ubao wa sekunde 15, alafu ubao wa sekunde 5, na baada ya hapo geti linaweza kuanguka muda wowote kati ya sekunde 5 na 10. Linaangukia upande wako, kwa hiyo ukikurupuka unaligonga, linabaki limesimama mbele ya tairi lako na wenzako wanaondoka. Unatakiwa uachie klachi kwa kipimo cha unene wa kucha, gurudumu la nyuma linateleza kidogo juu ya chuma alafu linashika udongo, na hapo kati ya kuteleza na kushika ndo ubingwa ulipo, maana anayetangulia kona ya kwanza anaona njia, na wengine wote wanakula udongo kwa mizunguko minne. Prado alichukua mataji mawili makubwa kwa kipaji hiki kimoja zaidi ya kingine chochote, kutoka wa kwanza getini. Sasa hiyo klachi, kile kipimo cha kucha, ni kumbukumbu ya kidole kwenye mashine moja. Herlings getini hakuwahi kuwa mkali hata akiwa KTM, alikuwa anatoka wa nane anawatafuna mmoja mmoja. Mpe Honda mpya, mpe Jumamosi mbaya, apewe nafasi ya nje kabisa kwenye geti maana nafasi zinachaguliwa kwa matokeo ya Jumamosi, unapata mtu wa kumi na tano kona ya kwanza, katikati ya msongamano, na miguu ile iliyokwisha vunjika.

Kwa hiyo utabiri wangu, na muutunze mnicheke nao baadae. Ubingwa ni Lucas Coenen. Ana miaka 19, mashine ile ile, timu ile ile, mwaka wa pili kwenye 450, na mwaka wa pili ndo mwaka ambao dogo mwenye mwendo anajifunza kuridhika na pointi 20. Febvre wa pili, sio kwa sababu kashuka ila ana miaka 34 na msimu una raundi karibu na 20, mwili una deni. Gajser wa tatu, ataanza polepole na kuanzia Juni atakuwa anawasumbua wote. Herlings atashinda raundi nyingi kuliko Gajser na bado atakuwa nyuma yake. Akifika Lommel kwenye ule mchanga wa Ubelgiji msibishane naye, pale hata akipewa baiskeli atashinda, ila ubingwa hauendeshwi Lommel peke yake, kuna Loket na Pietramurata ambako ardhi ni ngumu kama sakafu na mashine ikikugomea huna pa kujificha.

Vialle sina la kumsemea sana, katoka 250 kwenda 450, katoka chuma kwenda alumini, katoka Marekani kurudi Ulaya, vyote mwaka mmoja. Mvumilieni. Kay de Wolf, bingwa wa MX2 2024, naye kapanda 450 ila kabaki na Husqvarna, huyo mwangalieni kimya kimya.

MX2 kwenyewe nitapita haraka. Simon Längenfelder anatetea, Mjerumani wa kwanza kuwa bingwa wa dunia daraja hilo tangu Ken Roczen 2011, na tatizo lake kubwa linalala hema moja na yeye, Sacha Coenen, pacha wa Lucas, ambaye kutoka getini hana mpinzani ila kumaliza bila kuonana na ardhi ndo kazi. Kwa sisi wa bara hili yupo Camden McLellan wa Afrika Kusini, na anayeona ajabu Mwafrika kuwepo pale basi hajui historia, Greg Albertyn alichukua ubingwa wa dunia miaka mitatu mfululizo 1992 mpaka 1994, Grant Langston 2000, Tyla Rattray 2008. Ni Kusini tu, najua, na najua kwa nini, chombo kimoja cha 450 cha mashindano ni bei ya Boxer kadhaa na matairi yanaisha kama sabuni.

Boxer tena. Hapa kuna habari ambayo nashangaa haijawa gumzo vijiweni kwetu. Novemba 2024 KTM walianguka, kiwanda cha Mattighofen Austria kikaomba ulinzi mahakamani, madeni hayabebeki, pikipiki zimejaa maghala hazina wanunuzi. Februari 2025 wadai wakakubali kulipwa asilimia 30 ya wanachodai. Aliyetoa hela za kuwaokoa, mikopo ya yuro milioni 800, ni Bajaj wa India, na mwishoni mwa 2025 udhibiti wa kampuni ukaingia mikononi mwake. Bajaj huyu huyu. Wa Boxer, wa bajaji tunazopanda kwenda Kaloleni. Kwa hiyo yule dogo Coenen mwenye namba 96 juu ya KTM ya rangi ya chungwa, ukifuata mshahara wake mpaka juu kabisa unakutana na mtu aliyemuuzia rafiki yangu pikipiki yake ya kazi.

Na hii inaingia kwenye hoja yangu, sio stori ya pembeni tu. Kuna wanaosema Herlings kakimbia meli inayozama, kwamba KTM haina hela ya kutengeneza mashine ya ubingwa. 2025 ndo ulikuwa mwaka mgumu kuliko wote kwao, walipunguza timu, timu ya kiwanda ya GasGas ikatoka MXGP, na bado wakamaliza na Längenfelder bingwa MX2 na Coenen wa pili daraja kubwa. Kama wakiwa na njaa walifanya hivo sioni kwa nini wakishapewa ugali wafanye vibaya zaidi. Kinachonitisha kwao ni kitu kingine, Bajaj ni mfanyabiashara, anajua kuuza pikipiki milioni kwa watu wasiojua Lommel iko wapi, na siku moja atakaa na kalamu aulize hii timu ya mbio inaniletea nini. Hiyo siku sidhani ni 2026. Kwa 2026 watataka kuonesha kwamba bado wapo hai.

Rafiki yangu wa boda nilipomwambia habari ya Bajaj na KTM alinyamaza kidogo, akaiangalia Boxer yake, akapangusa tenki na kiganja. Akauliza huyo dogo namba ngapi. Nikamwambia 96. Tumewekeana kuku mzima wa kuchoma, mimi na yeye tupo upande mmoja kwa Coenen, mtu wa tatu ni fundi wa gereji ambaye hasikii wala haoni, yeye ni Herlings tu, anasema mtu aliyeshinda 17 kwa mwaka habadilishwi na fremu. Jumamosi ya kwanza ya Argentina tutakuwa gerejini kwake kwa sababu ndo mwenye waifai, na stika ya 96 imeshabandikwa kwenye madigadi ya mbele, imepinda kidogo upande wa kushoto.